Mabenchi Niliyowaundia Wakwe

Binti yangu aliniomba jambo moja tu kuhusu siku ambayo wakwe wangekuja: nikodi viti. Hakuomba nguo mpya, hakuomba keki, hakuomba hema lenye mapazia ya rangi kama yale ambayo wenzake walipigia picha. Viti tu, vile vyeupe vya plastiki ambavyo huletwa kwa pikapu asubuhi na kuchukuliwa jioni.

“Mum, hata usisumbuke,” aliniambia kwa simu kutoka Nairobi, anakofanya kazi. “Mimi ndio nitalipa. Nataka tu watu wakae vizuri.”

Nilimwambia aniachie jambo hilo.

Nilikuwa na sababu, na sababu hiyo niliipenda kwa kuwa ilikuwa na heshima. Viti vile ndivyo tulivyovikalia tulipomzika baba yake. Vilikuwa na herufi za jina la mwenyewe zilizopakwa nyuma kwa rangi nyekundu, na siku ile nzima nilizitazama herufi hizo kwa sababu sikuweza kulitazama jeneza. Sikutaka zirudi uani kwangu mtaa wa Munyaka siku ya furaha. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na haikuwa uongo. Ila kulikuwa na nyingine chini yake, kama maji chini ya majani: nilitaka wakwe waje wakute kitu ambacho hawajakiona kwa mtu mwingine, wakiulize, na waambiwe kwamba ni mama wa msichana aliyekitengeneza kwa mikono yake.

Kazi yangu ni kufundisha katika chuo cha walimu wa chekechea. Miaka mingi nimewafunza wasichana na wavulana jinsi ya kugeuza vizibo vya chupa kuwa vifaa vya kuhesabia, na katoni kuwa nyumba, duka, hata basi. Nikiingia darasani huwaambia kwamba hakuna taka duniani, kuna macho yasiyoona tu. Mtu akisema maneno kama hayo kila muhula, hufika siku akayaamini kupita kiasi.

Kwa hiyo nilianza kukusanya. Ghala moja la mbolea lilinipa paleti zilizovunjika pembe. Jirani anayejenga ghorofa upande wa pili wa barabara aliniruhusu kuchukua mbao zilizotumika kushikilia zege, ambazo mafundi walikuwa wamezirundika nje kwa ajili ya kuni. Na kule mwisho wa mtaa, ambapo shamba la zamani lilikuwa limekatwa ploti, nilikuta nguzo za mtarakwa zimeng'olewa na kulazwa kwenye nyasi. Mtarakwa ni mti wa ajabu. Nguzo hizo zilikuwa zimesimama ardhini tangu kabla sijazaliwa, na nilipoikata ya kwanza kwa msumeno, ndani yake ilikuwa nyekundu na yenye harufu nzuri, kama imekatwa jana.

Nilibeba mizigo hiyo kwa mkokoteni wa kukodi, mimi nikitembea nyuma na mkono mmoja juu ya mbao zisianguke. Majirani walinitazama. Mmoja aliniuliza kama nimeanza biashara ya kuni. Nilicheka, nikamwambia angoje aone.

Sitaki kuficha kwamba zile wiki zilikuwa za raha kuu. Nikitoka kazini nilivaa koti la marehemu mume wangu na kwenda nyuma ya nyumba. Nilizibandua paleti ubao kwa ubao, nikang'oa misumari na kuinyoosha juu ya jiwe kwa nyundo. Nilikwangua simiti iliyoganda kwa patasi, nikapiga randa, kisha msasa, mpaka vidole vikawa na ukavu wa karatasi. Miguu ya mabenchi ilitoka kwenye mtarakwa, na sehemu za kukalia zikawa mbao ndefu zilizoachana kidogo ili maji ya mvua yapite. Nilitengeneza mabenchi manne na meza moja ya chini. Yalisimama sawasawa. Nilijaribu kuyatikisa, yakakataa.

Lakini mbao zilikuwa za aina mbalimbali, nyingine za kijivu na nyingine za manjano, na mvua za Julai zilikuwa zimezichorachora. Zilihitaji rangi moja, na kitu cha kuzikinga dhidi ya mchwa. Hapo ndipo nilipomkumbuka baba yangu. Kila mwanzo wa mwaka, baba alizipaka nguzo za ua wetu oili chafu, ile inayomwagwa kutoka kwenye injini za magari, na nguzo zile zimedumu kuliko yeye mwenyewe. Hakuna mtu wa huku asiyeijua dawa hiyo. Nilikwenda kwenye gereji moja ya mtaa wa Huruma, nikarudi na debe. Nilipaka jioni moja chini ya mabati ya nyuma, na mbao zile za kuokoteza zikageuka mbele ya macho yangu, zikawa na rangi moja nzito ya kahawa iliyokolea. Nikarudia mara ya pili. Nikarudia ya tatu, kwa sababu zilipendeza.

Sikujiuliza swali ambalo hata mtoto wa chekechea angeliuliza: je, ni nani aliyewahi kukaa juu ya ua wa baba?

Binti yangu alifika Ijumaa, siku moja kabla ya wageni. Alitua mkoba, akazunguka nyumba hadi nyuma, akasimama. Najua jinsi anavyosimama anapojiandaa kuvumilia jambo.

“Umezitengeneza wewe? Zote?”

“Mimi.”

“Zimekauka kweli?”

Nilikuwa nimezipangusa kwa kitambaa asubuhi hiyo hiyo. Nilipitisha kiganja juu ya benchi toka mwanzo hadi mwisho, nikakigeuza, nikamwonyesha. Kilikuwa safi. Hewa ilikuwa baridi kama kawaida ya mwezi huo, na jua lilikuwa halijaonekana kwa siku kadhaa.

Basi akatabasamu. Akayapiga picha mabenchi na kumtumia mchumba wake, kisha akanisomea jibu: kijana alisema kwamba mama yake ameziona na ameuliza ni duka gani. Binti yangu alinikumbatia, akaniambia, “Nilikuwa naogopa bure.” Nililala vizuri sana.

Asubuhi ya siku yenyewe alifika wifi yangu, dada ya marehemu mume wangu. Kwetu shangazi wa upande wa baba huitwa senge, na siku kama hiyo senge ndiye mdomo wa nyumba. Mama wa msichana hamwambii mkwe mwanamume jambo moja kwa moja; humwambia senge, na senge ndiye anayelipeleka. Huyu wetu hahitaji kuombwa aseme. Aliyaangalia mabenchi akiwa bado ameshika kuku aliyekuja naye kwapani.

“Mulamwa, kazi umefanya,” alisema, akiniita wifi kwa lugha ya kwetu. “Lakini weka vitambaa. Mbao iko uchi hivi mbele ya wakwe?”

Ndani ya nyumba nilikuwa na vitambaa vingi vya kufuma, vyeupe, vya kutosha kuyafunika mabenchi yote.

“Vitambaa vitaficha kazi,” nilimjibu.

“Haya, mwalimu. Ni boma lako.”

Wageni waliteremka kutoka upande wa Timboroa kwa matatu ya kukodi, na jua likateremka nao. Ni lile jua la hapa baada ya mvua nyingi, linalochoma kana kwamba limekasirishwa kwa kucheleweshwa. Wenyewe walilifurahia; huko kwao, walisema, waliondoka kwenye ukungu ambao hata ng'ombe hawakuonekana. Kulikuwa na mzee mmoja mrefu aliyevaa suti ya kijivu, ambaye ndiye msemaji wao. Kulikuwa na shangazi wa kijana, ambaye nao pia humwita senge, mwanamke mnene mwenye kofia ya sufu na kicheko kinachotangulia maneno. Kulikuwa na kijana mwenyewe, marafiki zake na wanawake wachache wa ukoo. Na kulikuwa na mama yake: mkulima wa viazi, mwembamba, mwenye mikono mikubwa, amevaa gauni jipya la rangi ya maziwa lenye utepe wa kijani mikononi. Ilionekana wazi kwamba limeshonewa siku hiyo. Hata alipokaa alilikunjua kwanza kwa uangalifu, kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni.

Waliyasifu mabenchi. Walipiga miguu yake kwa vidole, wakautambua mtarakwa kwa harufu. Shemeji yangu, aliyekuwa akitusemea upande wetu, aliwaambia ni kazi ya mikono ya mama wa msichana. Mzee akaguna kwa heshima. Mimi nilikuwa nimesimama penye mlango wa jikoni, nyuma yao, ambapo mila inanitaka niwe, kwa sababu kwetu mama mkwe hamkaribii mkwe wake wala hampi mkono. Nilisikia kila neno. Sijui kama nimewahi kujiona mkubwa kiasi kile.

Kisha mzee akasimama kufungua kwa sala, nikauona mgongo wake.

Chini ya koti, mahali pa kukalia, suruali yake ya kijivu ilikuwa na mistari miwili mipana myeusi. Mwanzoni nilidhani ni mtindo wa mshonaji. Alipokuwa akimshukuru Mungu kwa safari, nilinyoosha mkono hadi kwenye ncha ya benchi iliyokuwa karibu nami, nikabonyeza kwa kidole. Kidole kilirudi cheusi. Mbao zilikuwa zimelowa mvua kabla sijazipaka, kwa hiyo oili haikuzama. Ilikaa juu ikisubiri joto. Sasa jua lilikuwa limeiamsha, na miili ya watu ilikuwa ikiikamua. Mzee akasema amina. Akaketi.

Senge wetu alikuwa hatua chache tu kutoka kwangu, akipanga vikombe. Neno moja sikioni mwake lingetosha. Angepiga kelele yake, watu wangesimama, vitambaa vingetandikwa, tungecheka, na hasara ingekuwa ya mzee mmoja na pengine madoa kidogo kwa wengine. Ndiyo kazi ya senge. Mila yenyewe ilikuwa imeniwekea mlango. Nilimwangalia. Kisha nikachukua birika na kuanza kuwajazia wageni chai.

Wazo langu, kama lile linastahili kuitwa wazo, lilikuwa kwamba mtu asiyesimama haonekani nyuma.

Nimekumbuka mara nyingi jinsi nilivyojituma saa zile. Nilileta chai na mandazi, na chai ikiisha nikaongeza. Ulipofika wakati wa kujitambulisha, nilimwambia senge wetu awaombe wageni wasisumbuke kusimama, wajitambulishe wakiwa wameketi. Hilo niliweza kumnong'oneza.

“Wuui, hawa watu wako na adabu!” akasema senge wao. “Kwetu mngesimamishwa mmoja mmoja kama watoto wa skuli!”

Wote wakacheka, wakakubali kuketi. Nikaleta maji ya kunawa nikiyapeleka mpaka magotini mwa kila mtu, ila kijana, ambaye nilimwachia senge. Nikaleta kuku na ugali, na firigisi ikapelekwa kwa anayestahili. Jua lilikuwa utosini. Harufu hafifu ya gereji ilianza kupanda kutoka kwenye mbao, nikaomba Mungu waidhanie ni ya barabarani.

Katikati ya chakula, mama wa kijana alijiinua. Aliweka sahani mezani, akaanza kusimama huku akinitazama usoni, kama anayetaka kunifuata jikoni. Nilimfikia kabla hajanyooka. Niliweka mkono wangu begani mwake, nikamkandamiza polepole mpaka akarudi chini.

“Wewe ni mgeni,” nilimwambia. “Leo hufanyi kazi. Keti, mama, keti.”

Aliketi. Nilipoinua macho, nilimwona binti yangu dirishani, ndani ya chumba alichokuwa akisubiria kuitwa. Alikuwa akiniangalia mimi, si wageni.

Wazee walikubaliana. Sina haja ya kueleza walikubaliana nini. Yalikuwa maneno ya kawaida, yaliyosemwa kwa mzaha na kwa uzito kwa zamu, na yaliisha vizuri. Ikabaki msichana kutolewa ili wageni waseme kama ndiye waliyemfuata. Mlango ukafunguliwa, akatoka kati ya wenzake, wote wamejifunika leso kichwani. Senge wao akapiga kigelegele, na wageni wote wakainuka kwa pamoja kwenda kumlaki, wakitugeuzia migongo.

Kigelegele cha upande wetu kilikatika njiani. Kila mgeni alikuwa na mistari. Kwenye nguo nyeusi ilikuwa inang'aa. Kwenye nguo za maua ilikuwa imepita katikati ya maua. Kwenye gauni la rangi ya maziwa ilikuwa myeusi kama barabara mpya, na kando yake oili ilikuwa imeenea na kuwa manjano.

Senge wetu alishika kiuno.

“Haiya! Wakwe wamekuja na mikia!”

Senge wao akajipindua, akavuta sketi mbele, akaiona. “Wuui, mama yangu! Sisi tumekuja kuahidi ng'ombe, kumbe ng'ombe ni sisi! Mmetupiga chapa!”

“Si ndio msipotee,” senge wetu akamjibu. “Mkirandaranda huko Timboroa, watu wajue mko na wenyewe Munyaka.”

“Wewe mama, ngoja. Kwetu tukikubaliana na mtu, tunampaka siagi kichwani, tunambariki. Nyinyi mmeanzia wapi?”

“Sisi tunaanzia pale mtu anakaa, asiondoke!”

Yule mzee alicheka mpaka akatoa kitambaa mfukoni kupangusa macho. Marafiki wa kijana walianza kupigana picha kwa nyuma. Hata shemeji yangu, ambaye huwa anahesabu tabasamu zake, alikuwa ameegemea ukuta. Nikaomba radhi kwa sauti, na kila aliyenisikia akanijibu kwamba haina neno, kwamba harusi isiyo na kichekesho haikumbukwi. Mtu mwingine angesema siku iliokolewa, na kwa macho ya watu iliokolewa kweli. Binti yangu alikuwa amesimama katikati yao, leso imemteleza mabegani, na hakucheka.

Nilimchukua mama wa kijana chumbani kwangu. Nilimpa gauni langu abadilishe, lake nikaliweka ndani ya beseni, nikaanza kulisugua kwa mafuta ya taa na sabuni. Yeye aliketi ukingoni mwa kitanda. Gauni langu lilikuwa fupi kwake, limemwachia magoti wazi.

“Pole, mama,” nilisema. “Pole sana.”

“Haina neno.”

“Lilikuwa jipya.”

“Lilikuwa jipya,” alikubali, bila hasira. Kisha, akilivuta gauni juu ya magoti: “Nilisikia mapema. Nilisikia baridi huku nyuma, nikafikiria ni umande. Nikapeleka mkono hivi, nikaona kidole nyeusi.”

Niliendelea kusugua. “Mbona hukusema?”

“Ningesemaje? Umetupikia, umetutengenezea viti na mikono yako. Nikasema, nikisimama hapa, wote wataona, na mama wa msichana ataaibika mbele ya wakwe siku ya kwanza. Basi nikakaa.” Alicheka kidogo, akijicheka mwenyewe. “Kuna wakati nilitaka kukufuata jikoni nikwambie polepole, wawili tu. Lakini wewe ukanirudisha. Unapenda wageni sana.”

Povu ndani ya beseni lilikuwa limegeuka kijivu. Palepale, hapakuwa na mtu mwingine. Ningeweza kumwambia. Kulikuwa na nafasi hata ya kumwambia kwa mzaha, maana nje bado walikuwa wanacheka. Nilimwambia nitajaribu kulichemsha.

Alirudi Timboroa na gauni langu fupi, amelishika magotini ili lisipepee alipokuwa akipanda gari. La kwake likabaki kwangu.

Kesho yake, tulipotoka kanisani, nilikaa nyuma ya nyumba na beseni lile lile. Nilikuwa nimelichemsha gauni, nimelianika, nimelirudisha majini. Mistari ilikuwa imefifia ikawa na rangi ya chai, lakini mtu yeyote angeiona. Mabenchi nilikuwa nimeyasukuma ukutani, nikayafunika kwa magunia. Binti yangu alikuja akiwa bado na nguo za kanisani. Hakukaa.

“Mum, ulijua saa ngapi?”

“Kujua nini?”

“Mum.”

Nilikamua upande mmoja wa gauni. “Waliposimama kukulaki. Sote tuliona.”

“Ulimkalisha mama yake,” alisema. “Nilikuwa kwa dirisha. Ulikuwa umetazama kidole yako, ukaipangusa kwa aproni. Halafu ukaanza kuwaongezea chai. Nilikuwa nashangaa ni kwa nini mama anafurahia wageni hivi, na hukuwa unafurahia. Nakujua uso.”

Nimewahi kuulizwa maswali magumu na wanafunzi, na wakaguzi, na mahakimu wa kesi ya shamba la mume wangu. Daima nimekuwa na la kujibu. Safari hii niliachia gauni likazama majini.

“Niliona aibu,” nilisema mwishowe.

“Najua. Ndio maana nilikuomba viti.” Sauti yake haikupanda. Ingepanda, ningepata pa kujishikia. “Si viti, Mum. Mimi nilikuwa naogopa wewe. Niliogopa kwamba utataka kitu kionekane, na kikiharibika, hutakubali kuwa kimeharibika. Baba alikuwa anasema hivyo pia.”

Sikuwa najua kwamba baba yake alikuwa akisema hivyo.

“Wamecheka,” nilijaribu. “Wamekubali kila kitu.”

“Wamekubali. Lakini mimi ndio ninaenda kuishi na mama yake. Jana usiku alinitumia ujumbe, ananiambia, mama yako ni mtu wa roho safi, usimkasirikie. Nitakuwa nakaa na huyo mama, anasifu roho yako, na mimi najua. Unataka nianze hivyo?”

Nilimwambia kwamba nitamnunulia mama huyo kitambaa kizuri zaidi, na nikimpelekea mwenyewe nitamweleza. Nilisema siku fulani, tukitulia. Nilisikia maneno yangu yakipanga foleni, yote yamevaa vizuri. Binti yangu alitoa simu yake, akabonyeza, akainyoosha kwangu. Mikono yangu ilikuwa na povu. Hakuirudisha. Nikajipangusa kwenye sketi, nikaipokea, nayo tayari ilikuwa inaita.

Nilitumaini mama wa kijana hatapokea, kwa kuwa Jumapili watu huwa bado wako kanisani. Alipokea. Alidhani ni binti yangu, akaitika, “Mtoto wangu.” Nikamwambia ni mimi.

“Aa, mama ya bibi harusi! Mumeamkaje huko?”

Tumeamka salama, nilisema. Nikamwuliza habari za safari, akasema walifika vizuri. Nikamwuliza habari za mzee na suti yake, akacheka. Nikamwuliza kama kumenyesha, akasema kumenyesha, viazi vinaoza shambani. Nikampa pole ya viazi. Binti yangu alikuwa amesimama mbele yangu, mikono nyuma, akisubiri. Salamu ni nyingi katika lugha hii, na zote nilizimaliza pale.

“Mama,” nilisema, “jana ulipotaka kusimama, nikakurudisha. Nilikuwa nimejua. Nilijua tangu sala ya kwanza. Nilikurudisha ili watu wasione.”

Nilisikia kuku upande wake, na mtu mbali akiita ng'ombe au mtoto. Nilitaka kuongeza kitu, niseme kuhusu viti vya plastiki na herufi nyekundu, kuhusu mume wangu, kuhusu mtarakwa, lakini nikauma ulimi.

“Nimesikia, mama,” alisema.

Haikuwa sauti ya hasira, wala haikuwa ile ya chumbani kwangu. Ilikuwa sauti ya mtu aliyepokea mzigo mlangoni na hajaamua atauweka wapi. Baadaye kidogo akaniuliza kama binti yangu yuko karibu.

Nilimpa simu. Akaisogeza sikioni, akaanza kutembea kuelekea mbele ya nyumba, akimwitikia, “Ndio, mama. Ndio. Hapana, sijamkasirikia,” na alipokata kona sikusikia tena. Nilibaki na gauni mikononi, maji yakidondoka juu ya viatu vyangu vya kanisani.